Panya Aliyegonga Ubao

Bundi alikuwa mtaalamu wa ubongo, na Panya alikuwa mwanafunzi wake. Somo lilikuwa moja tu: ukigonga ubao wa kizimba, punje ya mahindi inaanguka. Panya alilishika upesi. Nyuma ya ubao huo, katika kizimba cha pili, alikaa Buku, panya mkubwa, na kila Panya alipogonga, Buku naye aligonga.

"Kelele hizi zitaharibu somo," alisema Bundi, akaamuru Buku ahamishwe.

Panya akazidi kugonga. Punje zikarundikana miguuni pake, asiile hata moja.

"Bidii iliyoje!" alisema Bundi. Akamchoma sindano ya dawa inayong'arisha sehemu ya ubongo inayofanya kazi, akamlaza kwenye mashine, akaitazama picha. Alitarajia kuona mahali pa njaa pameng'aa, lakini pale palikuwa giza. Palipong'aa ni mahali pa kusikia.

"Mwanangu, unasikiliza nini?"

"Nasikiliza jibu, mwalimu."

Bundi akatahayari. Akaagiza Buku arudishwe, akaambiwa alikwisha kufa kwa baridi huko alikopelekwa. Hakuwa na ujasiri wa kumwambia Panya. Akanyata hadi nyuma ya ubao, akangoja. Panya alipogonga, Bundi akajibu kwa kuugonga ubao kwa mdomo wake, polepole, kama alivyokuwa akifanya Buku.

Panya akatega sikio. Kisha akauacha ubao, akajikunyata pembeni.

"Ahsante, mwalimu," alisema. "Kumbe hayupo tena."