Maganda ya Mzee Hattingh

Anaclet alipotoka kwenda kununua bani, mkate uliotobolewa na kujazwa maharage, Protas aliiinamia mashine ya mwenzake, akailegeza kalibu robo mzunguko, kisha akaikaza nati yake kama alivyoikuta. Akarudi kwenye benchi lake akipiga mluzi wimbo wa kwaya.

Karakana yao ilikuwa nyuma ya duka la bunduki la Bosi Reddy, huko Pinetown. Wawindaji walileta maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, wao wakayatengeneza yatumike tena. Ganda likipigwa hutanuka, likashika umbo la chemba inamokaa risasi katika bunduki iliyolipiga. Ukitaka liingie katika bunduki nyingine, sharti ulisukume ndani ya kalibu ya chuma mpaka lirudi udogo wake. Kalibu ikilegea kidogo tu, bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, halishuki. Kwa macho huoni kitu, ila komeo la bunduki litagoma kufunga. Halilipuki, halimuumizi mtu. Linamwaibisha aliyelitengeneza, basi.

Na Protas aliitaka sana aibu hiyo.

Ni yeye, Mrundi wa siku nyingi, aliyemkuta Anaclet, Mkongomani, pale soko la Warwick akiuza chaja za simu. Akamwombea kazi, akamfundisha. Leo funguo za karakana, zile alizozingojea miaka nenda miaka rudi, zililia kiunoni mwa Anaclet kila alipopiga hatua. Hata nyumbani South Beach hakupumua.

"Shemeji Anaclet iko na mukono ya baraka," mkewe Laurette alisema jana akipakua sombe, mboga ya majani ya muhogo. Protas aliisukuma sahani, akasema ameshiba.

Maganda ya siku ile yalikuwa ya Mzee Hattingh, mkulima wa miwa. Aliyapiga kwa bunduki ya kale ya baba yake, yenye chemba iliyolegea; sasa aliyataka kwa bunduki mpya yenye chemba ya kubana. Asubuhi Anaclet alikuwa amepima ganda la kwanza, likakaa sawasawa. Hakuwa na sababu ya kupima tena.

Alirudi, akaikata bani, akampa mwenzake upande wenye maharage mengi. "Kula, kaka mukubwa."

Protas akala. Hakuinuka kwenda kuirudisha kalibu.

Jumatatu Mzee Hattingh aliingia dukani, uso umemsawajika kama mtu aliyetoka mazikoni. Akaliweka boksi la risasi mbele ya Bosi Reddy.

"Haziingii," alisema. "Bunduki imezikataa."

Bosi aliipima moja, kisha nyingine. Akaguna. "Nani alizitengeneza?"

"Anaclet," Protas alidakia. "Mimi, Mungu ni shahidi, hata kuzigusa sikuzigusa."

Anaclet aligeuka rangi ya majivu. "Bosi, eish, nilipima… Sielewi." Bila kuambiwa, akaanza kuzifungua funguo kiunoni. Protas alizitazama zikining'inia, mate yakamjaa kinywani.

"Ni wewe kweli?" Mzee Hattingh aliuliza. "Ni mkono wako, si wa mwingine?"

"Ni wangu, mzee."

"Unasikia, mzee?" Protas aliongeza. "Amekubali mwenyewe."

Mzee Hattingh alizunguka meza, akamshika Anaclet mikono yote miwili. Wakati ule ndipo wote walipoona kwamba analia.

"Jumamosi alfajiri nilimvizia nguruwe pori anayeniharibia miwa," alisema. "Nikaona majani yanatikisika. Nikalenga, nikasukuma komeo, likagoma. Nikasukuma tena, likagoma. Nikatukana, nikaishusha bunduki nione ina nini. Ndipo yule nguruwe aliposimama kwa miguu miwili, akaniuliza kwa sauti ya binti yangu, 'Baba, ni wewe?'"