Profesa Sabuni Aingia Kwenye CD

Cyprian aligonga meza ya studio kwa kidole, akamwambia yule mama Mholanzi, "Dada, neno unalikamata kichwani. Likamate huku karibu na mkia."

Neno lenyewe lilikuwa ziekenhuisapotheek, yaani duka la dawa la hospitali. Cyprian alilikatakata kama muwa: zie-ken-huis-a-po-theek. Kisha akaikandamiza ile po, ya pili kutoka mwisho, kwa nguvu zote alizozaliwa nazo Kilosa. Yule mama alikandamiza zie ya mwanzo tu, zilizobaki akazipitia juujuu kama mtu anayewahi basi.

Msimamizi wa kurekodi alicheka, akamsihi Cyprian amwache mama wa watu asome anavyosoma. Na yeye asome vivyo hivyo, asijirekebishe hata kidogo. Sauti kama yake, alisema, wameitafuta Toronto nzima.

Jamani, kichwa kikavimba. Maana Festus, kaka wa mkewe, alikwisha kutangaza kwenye sherehe ya kipaimara kule Thorncliffe Park kwamba Cyprian alikwenda Uholanzi kuosha vyombo, na Kiholanzi chake kinatosha kuombea sabuni. Watu walicheka mpaka wakamwaga soda. Tangu siku hiyo hata wenzake wa ghala la mizigo Malton walimwita Profesa Sabuni, naye akaapa atalifuta jina hilo mbele ya Festus mwenyewe.

Sasa watengenezaji wa masomo ya Kiholanzi wamemchagua yeye. Kila neno alitangulia kulisoma, mama Mholanzi akafuata nyuma. Cyprian akamwonea huruma: maskini, anafundishwa lugha ya kwao na mtu wa Kilosa.

CD ilipotoka, mkewe Genoveva alipika pilau, wageni wakajaa hadi kwenye korido. Festus akaketishwa mbele, sikio kwenye spika. Genoveva alimnong'oneza mumewe kwamba ingefaa waisikilize kwanza wao wawili.

"Washa, Mama Frank," alisema Cyprian. "Leo shemeji yangu atajua kwamba hajui."

Sauti tamu ya kike ikawakaribisha wanafunzi, ikaeleza kwamba kila neno litasemwa na watu wawili. Cyprian akanyoosha kola.

"Mwigeni wa pili," ikaendelea ile sauti. "Wa kwanza tumemweka mjue makosa yanavyosikika."