Bata na Bwawa Lisilo na Mamba

Alikuwepo Bata mmoja mwoga. Kwa kumhofia Mamba, aliwahamisha vifaranga wake kutoka mto mkubwa, akawapeleka kwenye bwawa la majitaka ya kiwanda.

"Dada, maji yale hata Mamba hayagusi," Kwarara, ndege jirani yake wa mtoni, alimwonya.

"Ndiyo maana nayapenda," Bata akajibu. "Tena kila asubuhi watu huja na darubini kututazama, wakafurahi. Nani atoke kwake kwenda kufurahia mahali pa kifo?"

Kweli watu walikuja. Waliwasifu vifaranga, wakawapiga picha, wakaenda zao. Haukupita muda mrefu, kifaranga mmoja akalegea shingo, kisha mwingine, hata Bata akabaki peke yake. Watazamaji nao wakahamia bwawa jingine, kwa kuwa pale hapakuwa tena na ndege wa kutazamwa.

Bata akajikokota hadi mtoni, akajilaza mbele ya Mamba.

"Unile, bwana. Sina tena mtoto wa kumlinda."

Mamba akamnusa, akasikia harufu ya bwawa lile, akageuza kichwa.

"Njaa ninayo, mama," alisema, "lakini na mimi nina watoto."

Akazama, akamwacha ukingoni.