Joho la Nakijwa

Siku hizi shahada ya uzamili ya tabianchi hutolewa pale tu utabiri wa tasnifu unapotimia. Nakijwa alikuwa ameandika kwamba chemchemi ya kwao ingekauka mwaka huu, na mumewe alishalipiga pasi joho lake.

Siku ya kukagua utabiri, profesa wake alitumbukiza mkono chemchemini, akautoa ukichuruzika maji.

“Pole, mama. Umefeli.”

“Nashukuru,” Nakijwa akasema. Tangu aikabidhi tasnifu alikuwa akipanda miti juu ya chemchemi, ili aliyoyaandika yawe uongo.

“Mwakani nitakuja tena,” profesa akasema. “Naona maji yamepungua kidogo.”

Nakijwa aliyatazama maji, kisha akamgeukia mumewe aliyesimama kando na joho mkononi.

“Baba Kiondo, nipe hilo joho. Miche ya kule juu inaungua na jua, nikaiwekee kivuli.”