Mkono wa Birika

Ukumbi ulifurika watu hadi madirishani. Mashindano ya filamu ambayo Mwanahija na mdogo wake Shaibu waliyaanzisha kwa shuka iliyotundikwa ukutani, washindani wakiwa majirani tu, sasa yalivuta watu wa miji ya mbali. Sharti halikubadilika: filamu itengenezwe kwa siku mbili, na ndani yake kionekane chombo kinachotangazwa siku ya kuanza, mtu asije na filamu ya zamani.

Mwaka huu chombo kilikuwa birika la jikoni kwao. Mwanahija alipokuwa akilileta kulitangaza, lilimponyoka, mkono wa birika ukakatika. Makundi yote yakaliazima kwa zamu likiwa hivyo hivyo.

Filamu ya mwisho ikaanza. Birika lile lile likatokea, mkono wake mzima.

Mwanahija akamgeukia mdogo wake aliyeketi kando yake. Kabla ya tangazo, waliojua kuwa chombo kitakuwa birika hilo ni yeye na Shaibu tu.

“Shaibu, hii ilipigwa lini?”

“Dada, watu wanashangilia. Yaache yapite.”

“Nimekuuliza lini.”

Shaibu akainamisha kichwa.

Mwanahija akasimama. Kivuli chake kikaangukia skrini, kikalifunika birika.

“Kaa chini, mama!” watu wakapiga kelele. “Unatuziba!”

Hakukaa.