Masharti ya Papa Elodie

Elodie alivaa mfuko wa plastiki mkononi kama glavu, ndipo akampa daktari mkono.

Dokta Rachida hakucheka. Aliushika mkono ule, plastiki ikalia, akauachia upesi. "Karibu, Elodie. Kaa fasi unayopenda." Mtoto akachagua kiti kilichotazama ukuta.

"Umeona?" Emerance, mama yake, alisema. "Iko hivi kila siku. Wali ikigusana na mboga ya sombe, hali. Ukimugusa bila kumwambia, anapiga kelele mpaka majirani wanakuja. Kwa masomo, wenzake wanamuita mutoto ya Mai-Mai. Na hawadanganyi. Mwenye kumufundisha iko pale."

Alielekeza kidevu mlangoni. Matata, mume wake, alikuwa amesimama kizingitini, nusu ndani, nusu nje, mikono nyuma.

Mtaa mzima wa Mikelenge ulijua habari ya Matata. Wakati wa vita, alipokuwa mtoto wa umri wa Elodie, wapiganaji wa Mai-Mai walimkuta shambani wakamchukua. Walimmwagia maji ya dawa ya kuzuia risasi, wakampa masharti yao: asiguswe na mtu asiyemwagiwa maji, asipeane mkono na mtu, asile chakula kilichochanganywa. Mama yake, marehemu Mwavita, alisimulia kutekwa kule kwenye kila matanga, na kila mara alilia upya.

Vita ilipokwisha, wenzake Matata waliyaacha masharti. Walikula walichotaka, wakapeana mikono, wakasahau. Yeye peke yake aliendelea kuyashika. Aliletwa mzee wa kumvua nguvu ya yale maji. Mzee alimmwagia mengine, akachukua mbuzi wake, akaenda, na hakuna kilichobadilika. Watu wakasema vita haijamtoka.

Emerance aliolewa naye akijua hayo yote. Mtu aliyeharibiwa na vita unamvumilia. Lakini Elodie alizaliwa vita imekwisha zamani. Kwa nini naye aibebe?

Kwa hiyo alikuwa ameshapanga. Dada yake Gisèle, aliyeishi Kalima, alikubali kumlea mtoto. Nguo zilikuwa ndani ya begi, na mtu wa pikipiki angefika kesho asubuhi. Daktari huyu, aliyekuja kutoka Kisangani kwa muda mfupi tu, alitakiwa kusema jambo moja mbele ya Matata: mtoto atolewe karibu na baba yake. Emerance mwenyewe alikuwa na diploma, lakini kwa jambo hili alitaka mtu mwenye diploma kubwa kuliko yake.

Dokta Rachida alicheza na Elodie, akamuuliza maswali. Iliwachukua asubuhi nzima. Mwishowe akazungumza, si na mama, bali na mtoto.

"Elodie, namna yako iko na jina. Inaitwa Asperger. Ni aina moja ya usonji. Kelele na mikono ya watu vinakuingia kwa nguvu kuliko vinavyowaingia wengine. Ulizaliwa hivyo."

Elodie alifikiri. "Asperger ni nani?"

"Daktari wa zamani."

"Naye alikataa kuguswa?"

"Sijui."

"Basi wangeiita Elodie."

Daktari alitabasamu. Emerance hakutabasamu.

"Alizaliwa hivyo namna gani? Papa yake njo alimufundisha. Njo maana kesho anaenda Kalima, kwa dada yangu."

"Mama Elodie, hii haifundishwi, na haiambukizi. Ukimpeleka Kalima, atakuwa hivi hivi kule Kalima, ila bila watu aliowazoea."

"Mimi siendi," Elodie aliuambia ukuta. "Mama Gisèle anachanganya. Papa njo anajua kuweka wali sahani yake, sombe sahani yake."

"Unaona, docta? Papa, papa. Mimi njo nafua, mimi njo naitwa kwa masomo, mimi njo najibu majirani." Emerance alimwelekezea Elodie kidole. "Tangu azaliwe sijamukumbata hata siku moja bila yeye kulia. Unajua ile ni nini?"

Daktari alisogeza kiti chake karibu naye.

"Mara nyingi hali hii inapita ndani ya damu," alisema. "Katika jamaa, upande wako ao upande wa baba yake, kuna mwingine wa namna hii?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Kwetu hakuna, na kwao hakuna. Papa yake ni vita, hiyo ni kitu ingine. Mama-mukwe alinielezea kwa kinywa chake: kabla Mai-Mai wamukamate, alikuwa mutoto kama watoto wote. Anacheza, anakumbata watu, anakula yote."

Mlangoni, Matata aliondoa mikono mgongoni. Aliingia ndani, hatua zake fupi, akasimama mbali na kila mtu. Hakumtazama daktari wala mke wake. Alitazama sakafu karibu na miguu ya Elodie, na aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu ambaye hakuzoea kuulizwa.

"Hawakunikamata, docta. Mama mwenyewe njo alinipeleka. Nyumbani walikuwa wananipiga kila siku juu ya kukataa kuguswa, na mama alisema kwa Mai-Mai njo fasi moja tu hawatanipiga juu ya ile."