Anwani Iliyokatwa

Chonga alikuwa akichomoa nyaya za kompyuta yake wakati dada yake, Kache, alipoingia mbio na kumshika mkono.

"Kaka, usiondoke. Nimeliona kosa!"

Wote wawili walifanya kazi ghorofani, Mji wa Kale, wakitengeneza programu ya kengele za wodi ya watoto wachanga. Juzi kengele ilichelewa kulia. Kichanga alinusurika kwa kuwa mamake alikuwa macho. Kengele zikazimwa. Programu ya upimaji, inayorekodi mashine inakwama wapi kwenye kumbukumbu yake, ikaonyesha sehemu aliyoandika Chonga, pamoja na jina lake. Bwana Saifuddin, mwenye kampuni, akamfukuza. Chonga hakujitetea.

"Programu ya upimaji imeweka anwani za kumbukumbu kwenye namba ya biti thelathini na mbili," Kache alisema. "Mashine hii yataka sitini na nne. Kichwa cha anwani kinakatika! Ni sawa na kufuta jina la mtaa ukabakisha namba ya mlango. Mzigo wa Kizingo utapelekwa Majengo. Si wewe, Kaka."

"Liache, Kache."

"Niliache vipi?"

"Nimechoka. Twende nyumbani, kuna kazi nataka tuirekebishe pamoja."

Machozi yakamlenga Kache. Huyu ndiye aliyemlea, akamfundisha kazi hii tangu hajui hata kuwasha mashine. Hakuwahi kumwona amelegea hivi. Akatoka kumwita mwajiri.

"Tafadhali, Bwana Saifuddin. Tazama hili tu."

"Haya binti, nionyeshe."

Saifuddin akasimama nyuma yake, mikono kifuani. Kache akabadilisha aina ya namba, akaiunda programu upya, akaanzisha upimaji. Chonga akanyoosha mkono kwenye swichi ya umeme ukutani. Macho ya Saifuddin yakamfuata. Chonga akaushusha mkono.

Jina la Chonga likatoweka kwenye skrini.

"Mwaona!" Kache akaruka kitini.

Saifuddin akainama kusoma jina lililokuja badala yake. Akalisoma tena, kimyakimya, kisha akamtazama Kache kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Kache akageukia skrini. Jina lilikuwa lake.

"Namba ilikuwa ndefu tangu mwanzo," Chonga alisema. "Niliyeikata ni mimi, nilipoona jina lako."